Kutu ya Anaeli Kitomari

Waraka wa Kamati ya Maandalizi, wa tarehe kumi na nne Juni mwaka 1994, uliwatangazia washiriki wote wa Maonyesho ya Maendeleo mjini Arusha kwamba taifa limeingia katika zama mpya, zama za soko huria na ushindani. Kwa kuzingatia hilo, hakitaruhusiwa kupita langoni kitu chochote chakavu, kiwe kifaa, bidhaa, mfano au mnyama. Kila kitakachoonyeshwa kiwe kipya, au kwa uchache kionekane kipya. Kamati ilimalizia kwa kusisitiza kwamba katika jambo hili haitakuwa na mzaha wala upendeleo.

Nakala moja ilipanda hadi Nkoaranga, kwenye mteremko wa mlima Meru, ikasomwa kanisani baada ya matangazo ya ndoa, na kumkuta Anaeli Kitomari amekaa benchi la tatu. Waumini kadhaa waligeuka kumtazama. Kwa miaka mitatu mzee huyu hakuwa amefanya kazi nyingine ya maana isipokuwa kuchakaza vitu.

Kabla ya hapo alikuwa mpaka rangi wa reli. Kwa miaka ishirini na miwili aliitumikia njia ya Moshi hadi Arusha akiwa na ngazi, ndoo na brashi ya waya. Alikwangua kutu kwenye mabati ya stesheni, nguzo za ishara na matangi ya maji, akapaka rangi, na alipofika mwisho wa njia kutu ilikuwa imeshaanza tena huko mwanzoni. Hakuichukia. Walipokezana tu, kama watu wa zamu mbili. Na kila alipotarajiwa mkubwa fulani, Anaeli alitangulizwa siku mbili kabla kupaka chokaa: mawe ya pembeni, mashina ya miti hadi usawa wa kiuno, na ukuta wa stesheni, ule upande atakaoshukia mgeni. Upande wa pili haukuwamo katika maagizo.

Mwaka 1991 akapunguzwa kazini. Neno hilo lilikuwa jipya wakati ule na lilitamkwa kwa adabu, kana kwamba mtu ameondolewa unene tu. Treni ya abiria nayo ikawa inafika Arusha kwa nadra, kisha kwa uvumi.

Aliyemletea treni nyingine ni Twahira, mwuza mitumba wa soko la Kilombero. Twahira alifungua robota la nguo za watoto akakuta chini kabisa boksi lenye kichwa cha treni kinacholingana na gunzi la mahindi, mabehewa matatu, na vipande vya reli vilivyopinda. Hakujua avipange wapi kati ya masweta. Anaeli alikuwa amekuja kutafuta koti. Alirudi Nkoaranga na boksi, bila koti, na kwa kuwa Julai ya mlimani haina masihara, mkewe Hanna alilikumbuka koti lile kwa miaka mitatu.

Juu ya mbao nne zilizowekwa sebuleni, Anaeli alijenga njia kutoka Usa River hadi Arusha, na nyuma yake mteremko wa Meru. Stesheni, nyumba, vibanda, ua wa michongoma, vyote alivichonga kwa kisu na kuvipaka rangi kama alivyofundishwa kazini. Vikang'aa. Alipomaliza alimwita Hanna, naye akaja na kikombe chake cha chai, akaangalia kwa muda mrefu.

"Pazuri," Hanna akasema. "Ni wapi?"

"Usa River hiyo, Mama Elinipa. Na pale ndipo Arusha."

"Mimi nimekaa Usa River miaka tisa, Baba Elinipa. Hii ni Ulaya. Hapa hakuna mtu aliyewahi kufua nguo."

Anaeli alinuna siku mbili. Siku ya tatu akakaa mbele ya mbao zake, akakubali kwamba mkewe alikuwa amesema kweli tupu. Kwa mazoea ya kazi alikuwa ameijenga njia ile kama ilivyoonekana na wageni rasmi, tena kwa ile nusu saa yao ya kushuka na kupiga picha.

Ndipo akaanza upya, safari hii kwa kurudi nyuma. Alichukua karatasi za fedha zinazokaa ndani ya pakiti za sigara, akazikandamiza juu ya meno ya kitana hadi zikapata mawimbi ya bati. Alisaga misumari kwa tupa, ule unga akauloweka kwenye ndimu na chumvi ndani ya kopo, akausubiri wiki nzima ugeuke kutu halali. Kutu ya kupaka rangi, alisema, ni uongo na inajulikana. Aliiweka kwa brashi yenye nywele tatu, akianzia kwenye tundu la msumari na kushuka nayo mahali maji ya mvua yangepita, kwa maana kutu haijitokezei popote tu; alikuwa amezifuata nyendo zake miaka ishirini na miwili. Masizi aliyatoa kwenye kioo cha chemli. Udongo wa mashamba ulikuwa machicha ya kahawa ya shambani kwao, yaliyoanikwa juani. Kokoto za reli zilikuwa mchanga mweusi unaoshushwa na mvua kutoka mlimani, akauchuja kwa kichujio cha chai, jambo ambalo Hanna alikuja kuligundua kwa meno. Miti ya msitu aliifanya kwa zile ndevu za kijivu zinazoning'inia kwenye matawi huko juu Meru. Majani ya migomba aliyapasua kwa wembe mojamoja, kwani mgomba wenye jani zima haujawahi kukutana na upepo. Vumbi la upande wa mjini alilifuata mwenyewe hadi Kisongo, kwa sababu la Nkoaranga ni jekundu mno, akalipuliza taratibu kwa mrija wa kalamu ya biki.

Kichwa cha treni kilikuwa kimekuja chekundu kama nyanya. Alikipaka moshi na oili chafu aliyopewa na Shamsudin, rafiki yake mwenye gereji mjini, ambaye pia alimpa betri kuukuu ya gari ya kukiendesha.

Mlimani watu walipita kumwangalia mtu mzima anavyochafua vitu safi. Wengine walikaa kabisa wakapewa chai. Mwinjilisti Eliud alimwombea kwa jina Jumapili mbili mfululizo, katika orodha moja na wagonjwa. Anaeli aliendelea kuchafua. Alitaka jambo moja tu: watu waliowahi kuipanda ile njia wauone mfano wake, waseme ndiyo, ndivyo ilivyokuwa. Watu hao hawapandi hadi sebuleni kwa mtu Nkoaranga. Walikuwa mjini, Usa River, Maji ya Chai, na mahali pekee ambapo wangekusanyika wote ni kwenye Maonyesho. Hanna naye, ambaye mwanzoni alikuwa upande wa mwinjilisti, siku moja alikata shati la zamani la reli la mumewe kwa mkasi wa kucha, akapata mashati manane yenye ukubwa wa ukucha, akayaanika kwenye uzi nyuma ya stesheni ya Usa River. Tangu siku hiyo koti halikutajwa tena.

Mbao nne zilishushwa mlimani mabegani, zimefunikwa shuka jeupe, na kwenye kila kona ya njia wanaume walisimama pembeni na kuvua kofia. Shamsudin aliwasubiri barabarani na pikapu yake.

Siku moja kabla ya ufunguzi, Katibu wa Kamati, kijana mmoja aitwaye Romanus, alipita banda kwa banda na waraka wake mkononi. Alimwamkia mzee shikamoo, akaitikiwa marahaba, kisha akakagua mabati.

"Mzee Kitomari, kazi ni nzuri, siwezi kukudanganya. Lakini hii kutu."

"Imefanyaje?"

"Ipo."

"Ilinichukua miaka mitatu kuiweka, mwanangu."

Romanus alieleza, kwa heshima zote, kwamba Mgeni Rasmi anakuja kuona nchi inakokwenda, si inakotoka. Ama mfano upakwe rangi kabla ya saa tatu asubuhi, ama mbao zitoke uwanjani. Akaongeza kwamba uamuzi haukuwa wake, ulikuwa wa waraka.

Shamsudin, ambaye maishani mwake hakuwahi kuliacha gari limeshindikana, alisema hilo si tatizo: ana mashine ya kupulizia rangi, dakika kumi tu na mlima mzima unang'aa kama Toyota iliyotoka bandarini. Hanna alisimama mbele ya mbao.

"Shemeji, upulize popote unapotaka," akamwambia. "Nguo zangu asiziguse mtu."

Anaeli alikuwa bado anamtazama Romanus. Ikiwa atapaka, mbao zitabaki na kila mtu ataona Ulaya. Ikiwa hatapaka, hakuna atakayeona chochote. Akauliza swali moja, lile alilozoea kuuliza kila walipomtanguliza na ndoo yake.

"Mgeni Rasmi atasimama wapi?"

Romanus akamwonyesha. Hata akachukua chaki akachora alama sakafuni, mbele ya kamba, mahali zulia litakapoishia.

"Basi," akasema Anaeli. "Kazi hiyo naijua."

Alichuchumaa kwenye ile alama ili macho yake yawe usawa wa mbao, akaangalia kinachoonekana na kisichoonekana. Kisha akachanganya chokaa ndani ya kizibo cha soda. Akapaka mawe ya pembeni mwa reli, madogo kama mbegu za mpapai. Akapaka mashina ya miti hadi usawa wa kiuno cha mtu asiyezidi urefu wa kidole. Akapaka ukuta wa stesheni za Usa River na Arusha kwa mbele, akazunguka nao hadi kwenye kona, akaishia hapohapo, mstari umenyooka. Nyuma hakugusa kitu. Mwisho akachonga mtu kwa njiti ya kiberiti, akampa ngazi na ndoo, akamsimamisha pale kwenye kona, brashi juu.

Asubuhi Romanus alisimama kwenye alama ya chaki, akatazama stesheni nyeupe na mawe yaliyojipanga kama meno.

"Sasa haya ndiyo maendeleo," akasema, akatia tiki.

Mbele ya banda palikuwa na kamba, kwa ajili ya Mgeni Rasmi, kwa hiyo wananchi walilazimika kupita nyuma. Mama mmoja wa Usa River, Naipanoi, anayeuza nyanya na vitunguu kwa abiria wa mabasi, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuinama. Aliinama hadi kilemba kikagusa mlima.

"Lile bati lenye jiwe juu ni la kwangu," akasema.

Wakamwambia hayo ni mambo ya bahati tu, mabati yenye mawe yako mengi. Naipanoi akawauliza ni mangapi yana jiwe, yana kiraka cha bati la kopo la mafuta, na yameoza kona ya kushoto kwa sababu jirani alikataa kukata tawi lake. Jirani, ambaye kwa bahati mbaya alikuwa palepale, akaanza kujitetea. Ndani ya robo saa nyuma ya banda pakajaa. Watu walitafuta paa zao wakaziona. Waliotoka mjini walilitambua vumbi. Wazee wawili waliokuwa mafundi wa njia walibishana kuhusu doa la oili kwenye mataruma yanayolala chini ya reli, kwamba liko mbele mno ya stesheni, hadi mmoja akakumbuka kwamba ni pale hasa kichwa kilikuwa kikisimama, kwa kuwa breki zilikuwa zikichelewa. Kila treni ilipopita walinyamaza, ikishapita wakaanza tena. Mama mmoja alitaka kujua nani amefua hayo mashati, yameanikwa vizuri. Hanna akasema ni yeye.

Mgeni Rasmi alifika saa tano, akasimama kwenye alama. Mbele yake kulikuwa na reli safi, stesheni nyeupe na Romanus. Nyuma ya mlima kulikuwa na kicheko cha watu kama mia. Ratiba ilimpa dakika mbili kwa banda hilo. Alisikiliza, kisha akauliza wale wanacheka nini. Romanus alisema ni wananchi tu, Mheshimiwa, banda linalofuata ni la sabuni. Mheshimiwa akaruka kamba.

Watu wakampisha. Aliinama kama walivyoinama wao, akatazama kutu inavyoteremka kutoka msumari hadi msumari, akatazama migomba iliyopasuka, akafuata ukuta wa stesheni kwa kidole hadi kwenye kona, kwa yule mtu wa njiti na ngazi yake. Hapo kidole kikasimama.

"Mzee," akamwuliza Anaeli, "hapa ilikwisha chokaa au ilikwisha bajeti?"

Romanus alifumba macho.

"Hapana, Mheshimiwa," akasema Anaeli. "Hapa yaliishia macho ya mgeni."

Treni ikapita stesheni. Mgeni Rasmi akavua miwani, akaifuta, akaivaa, na alipoangalia tena ile kona alianza kucheka, kwanza kwa mabega, halafu kwa mwili mzima, na watu wote wakapata ruhusa. Akaomba treni izungushwe tena, na tena, yeye akiwa hukohuko nyuma. Alikaa dakika arobaini. Banda la sabuni halikutembelewa kabisa.

Jioni majina yalisomwa jukwaani, naye Romanus ndiye aliyeyasoma. Zawadi ya kwanza, kundi la Teknolojia ya Kisasa, ilikwenda kwa mzee Anaeli Kitomari wa Nkoaranga. Wale mafundi wawili wa njia walimbeba mabegani kuelekea jukwaani, wakimteua njiani kuwa mkuu wa stesheni zote mbili, na Mwinjilisti Eliud akapiga makofi kuliko wote. Pikapu ya Shamsudin ilisimamishwa Usa River kwa saa nzima, mbao zikateremshwa, na waliokosa Maonyesho wakaonyeshwa hapo barabarani, upande wa nyuma tu.

Nyumbani Hanna aliliweka kombe alilopewa mumewe juu ya kabati, akalifuta kwa kitambaa cha maji, na rangi ya fedha ikabaki kwenye kitambaa. Chini ya rangi hiyo palikuwa na maandishi: Mshindi wa Pili, Ng'ombe wa Maziwa, 1976.