Ndoo Aliyoichora Notburga

Mke wangu Notburga ana kazi mbili. Ya kwanza ni kufundisha sekondari hapa Mbinga, na hiyo naielewa. Ya pili ni kuhudumia programu ya kutumiana ujumbe isiyo na mwenyewe: walioiunda wametawanyika duniani, kila mmoja anatengeneza kipande chake bure, na yeyote anaruhusiwa kuitumia. Kipande cha Notburga ni maneno yake ya Kiswahili na vile vialama vya kubonyeza. Nimemtania sana. Kahawa inanyeshewa kichanjani, mwalimu anabishana na Mholanzi asiyemjua!

Kialama alichojivunia kuliko vyote ni cha kufuta. Cha awali kilikuwa pipa la Kizungu lenye magurudumu, ambalo hapa kwetu halipo. Akachora ndoo ya plastiki yenye mfuniko, kama ile ya taka inayokaa mlangoni mwa ofisi nyingi za mjini. Wenzake wakaipenda, ikaingizwa. Hata mimi niliisifu.

Programu hiyo alimwekea pia mama yake mdogo, Vitalia, aliyeolewa Lundo, ziwani. Mama Vitalia hajui kusoma. Anafuata vialama tu. Mwaka jana mumewe, baba mdogo Protasi, alipolazwa Songea, alikuwa akimtumia sauti kila jioni: mara anauliza kama usipa, wale dagaa wa ziwani, umekauka, mara anaimba wimbo wa kanisani huku akikohoa. Hakurudi. Simu yake ilipotea siku zile za msiba, kwa hiyo sauti zilibaki kwa mkewe peke yake. Watoto wao walipanga kuzisikiliza pamoja baada ya misa ya kutimiza mwaka.

Juma lile la misa, mama Vitalia akapiga simu, amechangamka.

"Mwanangu, jirani alinisomea kwamba simu imejaa, nikaogopa baba yako asije akapotea. Nimemweka kwenye ndoo, maneno yake yote. Sasa njoo unifungulie, maana mfuniko nauona lakini sijui unafunguliwaje."

Notburga alikaa palepale sakafuni. Kule ziwani, ndoo yenye mfuniko ndimo unamowekwa usipa mkavu na unga, panya wasifike. Hakuna anayetupa kitu humo. Programu ilimwuliza mama Vitalia kila mara kama ana hakika, naye akabonyeza alama ya vema, kwa uangalifu, ujumbe mmoja baada ya mwingine.

Notburga aliwaandikia wenzake wote. Jibu likawa moja: sauti zikishafika kwenye simu hazibaki kwingine, na zikifutwa ndiyo basi. Nikampakia kwenye pikipiki, tukateremka. Mimi utani ulikuwa umeniishia.

Tulimkuta akianika usipa ufukweni.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, mkwe wangu." Akafuta mikono kwenye kanga, akaifungua simu kutoka kwenye kitambaa, akampa Notburga kwa mikono miwili. "Haya, fungua."

Notburga akapiga magoti. Alisema yote: kwamba ndoo ile ni ya kutupia, kwamba ameichora yeye, kwamba baba hayumo humo wala popote. Nilitamani adanganye. Mama Vitalia alimsikiliza hadi mwisho, kisha akakitazama kile kialama.

"Nani anatupa kitu halafu akakifunika?" aliuliza taratibu, kama mtu anayetaka kweli kujua.

Alilia, tukalia naye. Uchungu ule bado ninao. Alipotulia, alimfuta mke wangu machozi kwa ncha ya kanga yake.

"Jumamosi wadogo zako wakija, usiwaambie. Watakuchukia, nami sitaki uchukiwe."

Akaichukua simu mkononi mwa Notburga, akaingia nayo majini hadi magotini, akaitupa mbali kadiri mkono wake ulivyoweza.

"Imenidondoka nikiosha usipa," alisema akirudi. "Mkwe, umesikia? Imenidondoka mimi."