Chai ya Wapendekezaji

Miaka ile ya sitini, mashamba yalipokuwa yakipimwa, mzee mmoja wa baraza la mipaka kwetu Gesima alifariki. Kabla ya hapo chifu alikuwa akijichagulia wazee mwenyewe, na watu walikuwa wamechoka kupeleka kesi ya nyani kwa ngedere. Safari hii wakateua wanaume watano wampendekezee chifu jina, wakiwa huru naye na huru na matajiri wa majani chai. Baba mdogo, aliyemfuata marehemu baba yangu kwa kuzaliwa, alikuwa mmoja wao. Alitembea kifua mbele mwezi mzima.

Mimi nilikuwa nikifundisha katika shule ya Kiogoro, na kila nikija nyumbani habari ilikuwa hiyo tu. Sikuweza kuipuuza. Mama alikuwa na kesi na jirani juu ya kipande cha shamba chenye migomba aliyoipanda mwaka alioolewa, na baraza hilo ndilo lingeiamua.

Si kawaida yangu kuwasifu wanaume wa kwetu, lakini wale watano walifanya kazi. Walikubaliana wasinywe chai kwa mtu yeyote anayetaka kiti wala kwa mwenye kesi. Kwetu kukataa chai ni kumtusi mwenye nyumba, kwa hiyo walinuniwa vijiji vyote. Baba mdogo aliacha kuingia jikoni kwa mama; alimsalimia akiwa uani, akaenda zake. Tena hawakuwauliza marafiki wa mtu sifa zake. Waliwatafuta wale aliowahi kuwaamulia kesi wakashindwa, wakawauliza: ulishindwa sawa, lakini ulisikilizwa? Mpaka leo, redioni wakizungumzia tume za kutafuta majaji, nangoja nisikie swali hilo.

Jina walilotoa lilikuwa la mtu wa ng'ambo ya mto, mzee wa kanisa, asiyegusa pombe, aliyewahi kumhukumu ndugu yake mwenyewe katika kesi ya ng'ombe. Chifu alinung'unika, akakubali. Nilifurahi kupita kiasi. Nilimwambia mama migomba yake imepona, naye akaendelea kumenya ndizi.

Siku ya kesi tulikaa nyasini mbele ya ofisi ya chifu. Jirani akamleta shahidi wake, shangazi yake mzee aliyekuja na mkongojo. Yule mzee mpya alipomwona aliinamisha kichwa, akageuza uso, akasimama.

"Huyu ni mama mkwe wangu," alisema. "Siwezi kukaa hapa."

Akaondoka, na hakuna aliyemlaumu. Chinsoni, yaani heshima ya wakwe, haichezewi kwetu; mwanamume hamhoji mama wa mkewe mbele za watu. Waliobaki walikuwa wazee wa zamani wa chifu. Hawakumuuliza yule bibi hata swali moja, na kabla jua halijawa kali mpaka ulisogezwa, migomba ya mama ikawa ya jirani.

Jioni baba mdogo alikuja, akasimama uani kama alivyozoea. Alisema hawakujua, mtu huyo alioa akiwa kazini Kericho, bila sherehe.

"Mimi nilijua, shemeji," mama alisema. "Wanawake wote mtoni walijua. Mliuliza kama anakunywa pombe. Hamkuuliza mkewe ametoka boma gani."

Baba mdogo akamuuliza kwa nini hakusema. Mama akajibu kwamba mwenye kesi akimsema mwamuzi huitwa mchochezi, na zaidi ya hapo, angemwambia nani, wakati hakuna hata mmoja wa wale watano aliyeingia jikoni kwake? Penye wazee haliharibiki neno, husema watu. Wangeongeza kwamba hao wazee wawe wamewauliza wake zao.

Miaka ya sabini ilipoanza, kiti kingine kikawa wazi. Wale watano, sasa wamezeeka kidogo, walikuja kwetu kabla ya kwenda kwa mtu mwingine. Walitaka mama awaambie nani ameoa wapi, nani ni mkwe wa nani. Waliingia jikoni, wakaketi kwenye vigoda, magoti yakiwafikia kidevuni. Mama akawamiminia chai. Hakuna aliyenyoosha mkono. Walitazamana, wakikumbuka kanuni yao.

"Kunyweni," mama aliwaambia. "Mimi sina kesi tena."