Kumtahini Bi Zuhura wa Likoni

Niliondoka Changamwe siku ya Alhamisi kwa sababu watu wawili walikuwa wametumwa kabla yangu, na wote walirudi wameshiba bila majibu.

Nieleze. Hospitalini kila ugonjwa huandikwa kwa msimbo wake, yaani herufi na namba, ili kompyuta ya huko mbali ijue kwamba malaria ya kwetu ndiyo malaria ya kwao. Sasa misimbo ya zamani inaondolewa, mipya inaingia. Hospitali yetu, iliyo upande wa Airport na yenye tawi dogo Likoni, ilipanga kuhamia kwenye mipya Jumatatu, na kila karani wa rekodi alipaswa kutahiniwa magonjwa ishirini kabla ya siku hiyo. Likoni karani ni mmoja tu, Bi Zuhura, na ndiye aliyenifunza kazi hii zamani, nilipokuwa sijui hata kuwasha kompyuta.

Mtahini wa kwanza alirudi na ripoti ya maneno mawili: "Mapokezi mazuri." Wa pili alileta chupa ya achari na kuomba atumwe tena. Ndipo Bwana Mwakio, mkuu wetu, akanikabidhi fomu mimi. Alisema nisiporudi na alama, Jumatatu Bi Zuhura atapelekwa chumba cha kufulia akahesabu mashuka, na kiti chake atapewa mwingine. Niliapa kwamba mimi sinunuliki kwa chakula. Wanaonijua walicheka.

Saa mbili asubuhi nilipanda gari la hospitali lililokuwa likipeleka mitungi ya oksijeni, tukashika barabara ya Dongo Kundu. Njia nzima nilikariri hotuba yangu: kwanza mtihani, chai baadaye. Dereva aliniambia kwamba yule wa pili naye alikariri hivyo hivyo, na wakati wa kurudi alilala tangu Likoni mpaka langoni kwetu.

Saa tatu na nusu nilimkuta Bi Zuhura mezani kwake, kwenye lile tawi letu la njia ya kushukia Shelly Beach. Nilimwamkia shikamoo, akanipokea kwa mikono miwili na kuniuliza kwa nini nimekonda. Mimi sijapata kukonda tangu darasa la sita, lakini maneno yale yaliniingia vizuri. Nilipofungua mkoba kutoa fomu, iliingia chai ya tangawizi na sahani ya mahamri na mbaazi. Mahamri yakipoa huharibika, kila mtu anajua. Fomu ilirudi mkobani.

Saa tano niliitoa tena. Vikaja viazi vya karai na ukwaju wake. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Hapa mwenyeji alikuwa akipona mtihani, na mimi nilikuwa nikisaidia kwa meno yangu mwenyewe. Saa sita yakaja madafu. Nilianza kumwelewa yule wa achari.

Adhuhuri alifunga ofisi. Kumwacha mgeni peke yake ni aibu, alisema, na nyumba yake iko nyuma tu ya hospitali. Aliingia chumbani kuswali, nami nikaenda jikoni kunawa mikono. Huko ndiko nilikosimama kama niliyeona jini.

Kopo la sukari lilibandikwa karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nyekundu 5A11, msimbo mpya wa kisukari. La chumvi, BA00, presha. La pilipili, DA42, tumbo kuwaka. Ufagio ulikuwa na msimbo wa pumu kwa ajili ya vumbi lake, na kwenye picha ya wifi yake ukutani palikuwa na msimbo wa maumivu ya kichwa. Nilihesabu karatasi hizo mpaka nikachoka. Hasira zilinipanda. Wiki nzima tumekuwa tukimlilia kiti chake, kumbe yeye amekariri jiko zima.

Alipomaliza kuswali tuliketi mkekani kwa wali wa nazi na samaki wa kupaka, na yale makopo ya chumvi na pilipili yakiwa kando ya sinia. Nilionja tonge moja.

"Mwalimu," nikasema, "nipatie BA00."

Mkono wake ulikwisha fika kwenye chumvi kabla hajajizuia. Alibaki ameshika kopo, akilitazama.

"Wayajua yote haya," nikamwambia. "Mbona watukimbia?"

Alilitua kopo taratibu. "Hapa nyumbani nayajua, Dama. Mbele ya fomu mkono watetemeka. Miaka yote mimi ndiye nitahiniye watu. Wallahi, nikikosa moja mbele yako, kesho utaniita mwalimu kwa mdomo upi?"

Hasira zote ziliniisha. Nilimpenda mama yule kuliko siku zote, na nilijionea haya kwa ile hotuba yangu ya garini. Kwa hiyo sikumpa fomu. Niliificha chini ya ukingo wa sinia pamoja na karatasi ya majibu, tukaendelea kula, nikawa nauliza ugonjwa mmoja mmoja kama mtu anayeomba mchuzi. Alijibu huku akinitolea miiba ya samaki. Upele, harara, kichocho, mgongo kuuma. Alipata yote ishirini, na la mwisho alilijibu kabla sijamaliza kuuliza.

Niliruka mkekani kumkumbatia, mikono yangu ikiwa na mchuzi. Alinisukuma, akanawa, akavaa miwani, akaichukua fomu na kuigeuza upande wake.

"Haya, zamu yako," akasema. "Bila kuchungulia."

Nilipata kumi na moja. Mgonjwa wangu wa kichocho nilimpa upele, na wa mgongo nilimwandikia mafua. Bi Zuhura aliniuliza kwa upole kama hao wagonjwa wana jamaa wa kuwapa pole.

Saa kumi nilirudi kwa feri, nimebeba mkate wa sinia na aibu. Nilikuwa nimejifunza kwamba mtu anayejua ndiye anayeweza kutetemeka mbele ya mtihani. Mimi nilikwenda Likoni bila hofu hata chembe, nikarudi na kumi na moja zangu.

Ijumaa asubuhi nilimkabidhi Bwana Mwakio fomu. Karani: ishirini kwa ishirini, abaki kitini. Pembeni, pasipo na nafasi yake, niliandika kwa mkono alama za mtahini. Alisoma, kisha akauliza ni nani atakayetufunza sisi wa Changamwe kabla ya Jumatatu. Nilimpa namba ya simu ya Bi Zuhura.

Jumamosi tulikwenda Likoni sote sita wa rekodi, mkuu wetu akiwemo, na Bi Zuhura akatutahini. Bwana Mwakio ndiye aliyepata tisa.