Hesabu Ilitoka Sawa

Tulimwita Bi Nukta, na mwenyewe alijua. Katika wodi ya watoto hapakuwa na muuguzi aliyechelewesha sindano kama yeye. Kila dozi aliikokotoa mara mbili kwa kalamu, juu ya vipande vya makasha ya glavu alivyovichana na kuvijaza mfukoni, na kila nukta ya desimali aliizungushia duara. Ukimwambia simu yake ina kikokotoo, alikujibu, "Simu haiendi jela," kisha akaendelea kuzidisha taratibu, midomo ikimcheza.

Alinichosha, sifichi. Chuoni niliongoza darasa kwa hesabu, na dozi nilizipiga kichwani huku nanawa mikono. Nilipohamishiwa wodi ile nikapangwa naye zamu moja, nilijua nimepatikana. Utaratibu wetu ulikuwa kwamba dawa kali ya mtoto hukokotolewa na wauguzi wawili, kila mmoja peke yake bila kumchungulia mwenzake, ndipo majibu yalinganishwe na wote watie saini. Mimi nilimaliza yeye akiwa bado anatafuta kalamu. Nilibaki nikimtazama na kugonga meza kwa vidole.

"Gonga tu, mwanangu," aliniambia siku moja. "Mimi mtihani wa hesabu nilifeli mara mbili. Wewe unazijua, mimi naziogopa."

Wengine walinong'ona kwamba zamani aliwahi kumuua mtoto kwa dozi, ndiyo maana yuko vile. Uongo mtupu. Nilimuuliza mwenyewe, akacheka hadi akashika ubavu. Miaka ishirini na sita hajawahi kumzidishia mtoto hata tone, na alichomwomba Mungu ni astaafu hivyohivyo. Ilikuwa imebaki miezi saba.

Basi Jumanne moja akaletwa mtoto wa kiume wa mwaka mmoja na nusu, kifua kimembana na homa inachemka. Mizani ya watoto ilikuwa mbovu tangu wiki iliyopita, kwa hiyo tulitumia ile ya watu wazima: mama anapanda na mtoto, halafu anapanda peke yake, nawe unatoa. Mama akapanda amembeba mtoto, mkoba begani. Sabini na moja. Akamkabidhi mdogo wake mtoto na mkoba, akapanda tena. Hamsini na saba. Nikaandika kilo kumi na nne, nikageukia mgonjwa mwingine.

Dawa aliyoandikiwa hupimwa kwa uzito, miligramu saba na nusu kwa kila kilo. Ni dawa nzuri, ila ikizidi hugeukia figo na masikio. Nilisema mia na tano kabla Bi Nukta hajakaa, ingawa hilo utaratibu haukuliruhusu. Hakunijali. Akaandika, akazidisha, akazungushia nukta yake duara, naye akapata mia na tano. Tukasaini. Kichupa kimoja kina miligramu themanini, kwa hiyo nilivunja cha pili kwa ajili ya mtoto mdogo vile, na hata hilo halikunishtua. Nikamdunga.

Kesho yake asubuhi mama wa mtoto alitaka kwenda msalani, akampa Bi Nukta mtoto amshikie. Bi Nukta akampakata. Nikamwona anamshusha kidogo, anampandisha, anamshusha tena.

"Huyu ana kilo ngapi?" akaniuliza.

"Kumi na nne. Imeandikwa kwenye faili."

"Mjukuu wangu ndiye mwenye kumi na nne. Nikimbeba yule, kiuno kinanuna siku mbili. Huyu hanilemei."

Mama aliporudi tukampandisha upya kwenye mizani. Alipotaka kupanda na mkoba wake, Bi Nukta akamzuia kwa mkono.

"Jana ulipanda nao?"

Mama akafikiri. "Mara ya kwanza nilikuwa nao. Mara ya pili alinishikia mdogo wangu."

Mtoto alikuwa kilo kumi. Mkoba, wenye chupa ya chai, maji na nguo za siku tatu, ulikuwa kilo nne. Dozi yake ilikuwa sabini na tano, nami nilikuwa nimempa thelathini za ziada. Wawili tulikuwa tumezidisha vizuri kabisa namba ya uongo. Mdharau mwiba, mguu huota tende, na mimi wangu ulishavimba. Sitaficha wazo lililonijia: nifute ile kumi na nne, niandike kumi, nani atajua?

Lakini Bi Nukta alishamtuma mtu amwite daktari, naye amemkalisha mama kwenye benchi.

"Mama, jana tulimzidishia mtoto dawa. Tulipima uzito vibaya. Kosa si lako, ni letu."

Mama akamvuta mtoto kifuani. "Atakufa?"

"Sidhani hata kidogo. Ila lazima tujue figo zake ziko salama, na chochote tutakachokiona utaambiwa."

Daktari akasimamisha sindano ya siku hiyo, akachukua damu kupeleka maabara. Akatuambia dozi moja mara nyingi hupita bila madhara, lakini huyu alikuja amekaukiwa maji kwa homa, basi tumnyweshe na tuangalie mkojo. Mama akasema tangu alfajiri nepi ni kavu.

Tukaanza kumnywesha kwa kijiko, kwa zamu. Mama alipokea kijiko kutoka kwangu bila kunitazama, na sikumlaumu. Saa tano Bi Nukta akapita nyuma ya kitanda, akadondosha bakuli la chuma sakafuni makusudi. Wodi nzima ilishtuka, na mtoto akageuka kumtazama kwa hasira za mzee aliyekatishwa usingizi. "Masikio yapo," akasema Bi Nukta, akaokota bakuli lake akaenda zake.

Saa saba alimnyanyua akamfungua nepi, iliyokuwa bado kavu, na mtoto akamkojolea kuanzia kifuani hadi magotini. Sijawahi kufurahia mkojo wa mtu namna ile. Mama akaruka kuomba radhi, anatafuta kitambaa.

"Mwache amalize," akasema Bi Nukta, amesimama wima kama anayepigwa picha.

Majibu ya maabara yalikuja saa tisa. Daktari akayasoma mara mbili, akasema figo ziko sawasawa, na kesho sindano iendelee kwa kipimo sahihi. Mama akalia, kisha kwa mara ya kwanza siku hiyo akanitazama, akasema, "Kesho mkimpima, niiteni na mimi nisome." Nikamwahidi, na nilimaanisha.

Nikamkuta Bi Nukta chumba cha dawa, na sare yake iliyokauka na madoa. Alinisogezea fomu ya kuripoti makosa niweke saini. Jina lake lilikuwa la kwanza, na mbele yake ameandika: "Nilihakiki dozi bila kuhakiki uzito." Miaka ishirini na sita bila kosa, na miezi saba mbele yake, kaiandika kwa mwandiko uleule wa polepole.

"Lakini aliyepima ni mimi," nikamwambia.

"Soma chini, na wewe upo."

Nikasaini. Siku nzima alikuwa mtulivu, mimi ndiye niliyetetemeka, na nilishaamini kwamba uzoefu humkausha mtu woga. Akataka kusimama, akarudi kitini. Akajaribu tena kwa kushika meza, akashindwa.

"Nishike, mwanangu," akasema. "Tangu asubuhi miguu siisikii."

Nikakaa kando yake, nikamshika, tukasubiri miguu irudi.