Ugoro wa Susu na Orodha ya Ubatizo

"Hapana, mama, usiniambie sheria ni sheria. Ni sheria gani hiyo, mtu anakuuzia kitu mchana kwa mkono wake mwenyewe, halafu jioni anakutoa kanisani kwa sababu umenunua?"

Mama hakuinua kichwa. Alikuwa anakanda unga wa chapati za Pasaka, mikono myeupe mpaka kwa viwiko.

"Yeye ni mzee wa kanisa," akasema. "Na wewe unangoja barua yake ya kwenda chuo cha ualimu. Nyamaza, ubatizwe kesho, upate barua yako, uende."

"Na Susu?"

"Susu atabatizwa Pasaka ingine."

Pasaka ingine! Susu ni mama ya baba yangu, na mwili wake siku hizi unaweza kuubeba kwa mkono mmoja. Amekaa kwa hilo darasa la ubatizo miaka miwili. Kitu anataka ni kimoja tu: siku akifa, aimbiwe na watu wa kanisa mpaka kaburini, si kama babu, ambaye alizikwa haraka haraka watu wakiangalia saa. Nimemwacha mama na unga wake nikaja kukaa nje na daftari. Mwanga bado uko. Nitaandika yote vile yalivyokuwa, kwa sababu hapa Mwingi watu ni hodari sana wa kusahau aibu ya mtu akiwa na duka.

Na huyu mzee wa kanisa analo, kubwa, hapo kwa barabara ya Garissa mahali malori yanasimama. Huyo ndiye mwalimu wetu wa ubatizo. Jumanne na Alhamisi tunakaa kwa benchi, mimi na wamama na wazee, anasoma swali kutoka kwa kijitabu na sisi tunajibu pamoja kama watoto wa darasa la kwanza.

"Mkristo amekataa nini?"

"Pombe! Tumbaku! Ngoma! Uganga!"

Basi, anageuza ukurasa. Nilifikiri nikimaliza shule, fomu foo, nimemaliza mambo ya kuimba majibu. Siku moja niliuliza, mtu akiwa na wake wawili na sasa ameokoka, yule wa pili anaenda wapi? Akaniambia swali hilo haliko kwa kitabu.

Susu hajui kusoma, lakini ndiye anajua hicho kijitabu chote kwa kichwa. Na mwaka jana aliacha ugoro. Aliacha siku moja tu. Alichimba shimo nyuma ya choo, akazika kopo lake, akarudi akalala siku tatu na kitambaa kimefungwa kwa kichwa. Hao wanaume wenye suti wanaokaa mbele, niambieni, ni nani amewahi kuacha kitu?

Jana Ijumaa Kuu kanisa lilijaa mpaka kwa dirisha. Watu wa Nairobi walikuwa wamefika na mabasi, vijana na suruali pana kama sketi na viatu virefu vya kuwafanya watembee kama kuku kwa matope. Wakapewa viti vya mbele. Susu akapewa kona ya benchi karibu na mlango. Mzee wa duka akahubiri juu ya Yuda mpaka watoto wakalala, wakaamka, wakalala tena. Alimtukana Yuda kwa kupenda pesa, akatoka jasho. Halafu akafunga Biblia na kutangaza kwamba kesho duka litafunguliwa mapema, na vitambaa vyeupe vya wale wa ubatizo viko, wasiende kununua vile vyepesi kwa watu wengine.

Lakini katikati ya hiyo kelele yote alisema neno moja la maana, nafikiri lilimtoka bila yeye kujua. Alisema, "Ukiingia majini Jumapili na bado una ugomvi na mtu, hayo ni maji ya kuoga tu. Nenda mkapatane kwanza."

Wengine walipangusa jasho. Susu alisikia.

Leo asubuhi akaniambia, "Nipeleke town. Nataka kitambaa changu, na nataka kitu cha mke mwenzangu."

Nilishangaa. Babu alikuwa na wake wawili, na hao wawili hawajasalimiana tangu babu azikwe. Walikosana juu ya ng'ombe mwenye ndama. Ng'ombe alikufa zamani, ndama pia alizeeka akauzwa, lakini ugomvi walikuwa wanaulisha vizuri.

Town ilikuwa wazimu. Kila mtu anasukuma, kila mtu amebeba mkate na mafuta ya kupikia, ni kama Yesu alifufuka ili watu wapate kula wali. Kwa duka la mzee tulingoja mpaka miguu ikauma, kwa sababu wa Nairobi walikuwa wanapitishwa mbele huko pia. Nilikuwa naangalia vitambaa nikasikia Susu anasema polepole, "Na ugoro kidogo. Ule mzuri."

Mzee wa duka hakushtuka hata kidogo. Aliutoa chini ya kaunta, akaufunga kwa kipande cha gazeti, akapokea pesa na kumwambia, "Asante mama, Mungu akubariki." Nilimsikia na masikio yangu haya.

Mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa. Ukienda kuomba radhi kwa mwanamke mzee, huendi mikono mitupu, na humpelekei sukari kama unaenda kuona mtoto mchanga. Unampelekea ugoro. Ukichukuliwa na kunuswa mbele yako, maneno yameisha.

Mke mwenza tulimkuta kwa mlango anachambua pojo.

"Ni nani huyo amekuja na miguu yake?" akasema. "Umekosa mtu wa kugombana naye huko kwenu?"

"Kesho naingia majini," Susu akasema. "Nimeambiwa nisiingie na wewe moyoni."

"Basi nitoe polepole. Nimenenepa."

Susu akacheka mpaka akashika ukuta. Akampa ule mfuko wa gazeti. Mke mwenza akaufungua, akanusa, akapiga chafya mbili kubwa, akapangusa macho na kusema, "Yule ng'ombe alikuwa mkali hata hivyo. Kaa chini." Walikaa wakiwataja watu waliokufa, na Susu hakugusa ugoro hata kwa kidole. Mke mwenza alimsukumia mara moja, kwa mchezo, Susu akausukuma ukarudi.

Saa kumi tulienda kanisani kwa mazoezi, vile tutapanga laini kwenda mtoni. Mzee wa duka akasoma orodha. Jina langu likasomwa. La Susu halikusomwa.

Nikasimama. "Mzee, umemruka susu yangu."

"Sikumruka. Nimemtoa. Leo amenunua tumbaku, na mimi mwenyewe ni shahidi."

"Amenunua wapi?"

"Dukani."

"Duka la nani?"

Wamama wakaingiza nyuso kwa leso. Mzee akavuta koti lake. "Wewe msichana, shule imekuharibu. Duka ni biashara. Mimi nauzia watu wa dunia."

"Alipelekea mke mwenzake, wapatane! Si wewe ulituambia jana tupatane?"

"Angepeleka sukari."

Sukari! Yeye ni Mkamba kama sisi, anajua vizuri kabisa. Wazee waliangalia mabati kama wanahesabu misumari. Susu alichukua fimbo yake, akasema, "Wacha, mtoto wangu," akatoka. Tangu turudi amekaa nyumbani kwake na mlango umefungwa, na hajataka chai.

Sasa mama anasema nyamaza. Nimenyamaza kutoka kwa duka mpaka kanisani, na ninajua nilikosea. Ningesema pale pale kwa kaunta, "Mzee, unamuuzia nini mwanafunzi wako?" Lakini nilikuwa nachagua kitambaa.

Nimeamua. Kesho asubuhi sitangoja kengele. Mchungaji anakuja na pikapu kutoka Kitui, na lazima ashukie kule mtoni kwanza kuangalia kina cha maji. Saa hiyo mzee wa duka atakuwa bado anafunga tai. Nitaenda kumchukua mke mwenza, tupitie kwa Susu, tuwe pale watatu kabla hiyo orodha haijafika mkononi mwa mchungaji. Mke mwenza aseme mwenyewe ni nani alinusa na kwa nini. Mchungaji akikubali, Susu ataingia majini na mimi nyuma yake. Akikataa, nitamwambia afute jina langu pia, na barua wampe anayejua kuimba majibu.

Mama sitamwambia. Nitatoka saa kumi na moja.