Pua ya Bombani

Mzee anayeuza maji kwenye bomba letu la Kimara hajazi dumu kabla ya kulinusa. Hulifungua, hufumba macho, huingiza pua kama mwalikwa aliyefika mapema jikoni kwa wenye harusi, kisha hutoa hukumu: "Mafuta ya kula. Pita." Demetria, mwenye mimba ya miezi saba, alileta dumu la buluu, zuri kuliko yote kwenye foleni. Mzee alinusa, akapiga chafya, akachukua msumari akalitoboa.

"Mzee! Baba katoka nalo Moshi hilo!"

"Lilikuwa la dawa ya kuulia wadudu wa mibuni, mwanangu. Sumu hii inaingia mpaka kwenye mbegu. Unakunywa wewe, anaumwa mjukuu."

"Nishaliosha na sabuni mara tatu!"

"Basi ni sumu inayonukia."

Foleni ilicheka. Demetria alinuna mpaka akajifungua, akiteka maji kwa dumu la kuazima. Jana alikuja na mtoto, akamweka mikononi mwa mzee. Mzee alifumba macho, akanusa utosi, akakawia kuliko kwa dumu lolote.

"Pita," alisema. Vigelegele vikalipuka, na maji yakamwagika chini bila mtu kulalamika, jambo ambalo Kimara hatujawahi kuliona.