Siku Nilipopiga Gogo Nikaletewa Kuku

Jamani, najua mmeshalisikia, maana Kasongo nzima inalijua na Kabambare lilifika kabla yangu, lakini kila mtu analisimulia anavyotaka (kuna walioongeza mbuzi, na mbuzi hakuwapo kabisa), basi leo acheni nilisimulie mimi mwenyewe niliyeaibika, angalau aibu yangu ikae sawasawa.

Siku hizo mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wa watu wa bunduki wa Bwana Mkubwa wetu hapa mjini. Msinitazame hivyo. Kupigana sijui, na bunduki sijawahi kuifyatua hata moja, mlio wake unaniumiza kichwa. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha watu wapo, wamepona, wameshiba, baruti haijapata unyevu, gobore hazijashika kutu, aliyefiwa amepewa ruhusa akazike, ili siku Bwana Mkubwa akisema wainuke, wainuke. Lakini kilemba changu kilikuwa kikubwa ajabu! Nikipita, wanaume wenye makovu wanasimama, na mimi nisiyeweza kumuua hata kunguru naitikia kwa kidole.

Mke wangu Sakina ni Mbangubangu wa Kabambare, nanyi mnamjua. Tulikuwa tumezika watoto wawili, wote wachanga, na kila mara mji mzima ulikuwa umepewa habari mapema na kufurahi pamoja nasi, kisha mji mzima ukaja kutupa pole. Baada ya yule wa pili nyumba yetu ilinyamaza. Tulipendana, ila hakuna aliyejua aanzie wapi kusema. Jioni akichambua mchele alikuwa anagonga ubavu wa ungo kwa vidole, polepole, mlio uleule kila siku, na siku moja nikiwa natoka nikamwuliza, "Hiyo inasema nini?"

"Inaita watu waje mbio," akasema, na nadhani alitaka kuendelea, lakini mimi nilikuwa nimeshavaa viatu, nikaenda zangu barazani.

Hapo ndipo nilipojichimbia shimo langu, ingawa sikujua bado. Kwa watu wa huku gogo la uani (lile la mti uliochongwa ndani ukaachiwa ufa juu) halipigwi tu, linasema, lina upande mnene na upande mwembamba, na wenyewe Wazimba na Wabangubangu wanasikia maneno kamili, hata jina la mtu na la ukoo wake, kama mnavyonisikia sasa. Mimi niliyelelewa na watu wa pwani nilisikia du-du-du tu. Kulipiga ilikuwa kazi ya Amisi, mzee wetu, na Amisi akiita bunduki, bunduki zinakuja, tena kwa kujivuta, huyu anatafuta mkanda, huyu anamalizia ugali.

Basi akaja mjumbe wa Bwana Mkubwa, mtu wa ndevu nyeupe na macho yasiyocheka. Habari zilikuwa zimefika kule aliko Bwana Mkubwa kwamba watu wa Kasongo wamelala, na nilijua vizuri kilichomleta, akirudi na habari mbaya kilemba kinahamia kichwa kingine. Nikamketisha kwenye zulia, nikampa kahawa, akauliza bila kunitazama, "Watu wako wanachukua muda gani kukusanyika?"

Sijui shetani gani alinishika ulimi. "Kabla hujamaliza kikombe chako, Bwana."

"Basi waite," akasema, akapeleka kikombe mdomoni.

Nikamwita Amisi. Akaja mkono mmoja umesimama mbali na mwili kama bawa la bata, ana jipu kwapani, jipu la kweli, limeiva. "Bwana, mukono inakataa," akasema. "Nimuite ndugu yangu, iko kule shambani." Shambani! Na mjumbe anakunywa! Nikasema, "Lete hizo fimbo." Amisi akanitazama, "Bwana, munajua kulisemesha?" Nikamjibu (kwa sauti kubwa, ili mgeni asikie) kwamba miaka yote hii ninalisikia, mimi si kiziwi.

Nikasimama mbele ya lile gogo, na ule mlio wa Amisi wa kuita bunduki ukanitoka kichwani wote, ukapotea, na mikononi mwangu nikakuta mlio mmoja tu, wa ungo. Si uliita watu waje mbio? Nikaupiga. Na niliupiga vizuri, hilo hata adui zangu wanakubali. Amisi akafungua mdomo aseme neno, nikamkata jicho, akafunga. Nikaupiga tena.

Wallahi walikuja! Sijawahi kuona Kasongo ikikimbia vile. Mjumbe alikuwa na kahawa nusu nzima wakati uwanja unajaa, na mbele kabisa Ramazani, mkubwa wa wenye bunduki, amevaa kanzu safi, anahema, mkononi ameshika kuku miguu juu. Nikaona yule kuku, nikajiambia labda amemwokota njiani. Nyuma yake mwingine, na kuku. Mwingine, na mkungu wa ndizi. Mwingine amebeba kibuyu cha mawese kichwani. Wanawake nao, wanapiga vigelegele. Na nyuma yao, jamani, watu wa vijijini, wale ambao gogo letu likilia siku zote wanakimbilia msituni na watoto mgongoni (na tulijua sababu, tukajifanya hatuijui), siku ile walikuja wenyewe, kwa miguu yao, wanacheka.

Mtu mwenye akili angesimama hapo. Mimi nikapaza sauti, "Pangeni mstari!" Nao, maskini, wakapanga, kuku na ndizi na mawese, nikamwalika mjumbe tukague. Tulipita mbele yao kweli, yeye na ndevu zake, mimi na kilemba changu, na nilipoona mambo yanazidi kuharibika nikaamuru, "Silaha juu!" Wakatazamana. Kisha Ramazani, mtu mtiifu, akamwinua kuku wake juu, na kuku akaachia mavi kwenye kiatu cha mjumbe wa Bwana Mkubwa.

"Hizi ndizo bunduki zako?" mjumbe akaniuliza, polepole sana.

Ramazani akadhani ni utani wa furaha. Akanijia, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Bwana, hongera. Mutoto iko wapi? Ni mwanaume ao mwanamuke?"

"Mtoto gani?" nikasema.

Vigelegele vikakatika. Amisi, na jipu lake, akanisogelea akaninong'oneza sikioni nilichokuwa nimekitangaza kwa mji na vijiji vyote: *njooni mbio muone, mgeni mudogo amefika*, na baada yake jina la gogo la Sakina, jina la ukoo wa mama yake, halina mwingine Kasongo nzima. Watu wakaanza kutazamana, na nikaelewa wanachokiwaza, maana wote walituzikia wale wawili. Huyu ama amerukwa na akili, ama anamchezea mkewe mbele ya watu. Bibi mmoja wa kijijini akajifunika uso kwa nguo. Mjumbe anasema, "Unanichezea mimi?" na mimi sikumsikia hata kidogo, kwa sababu Sakina alikuwa amesimama mlangoni, pumba za mchele bado mikononi, ananitazama.

Angeweza kuingia ndani. Angeingia ndani na kufunga mlango ningekuwa nimekwisha, kazi na uso na kila kitu, na ningestahili. Nikaona ameweka mkono tumboni na kuuondoa haraka, kama mtu aliyegusa sufuria ya moto. Kisha akatoka hadi katikati ya uwanja.

"Mutoto iko," akawaambia. "Ila bado iko njiani. Bwana yangu ni mutu wa haraka, munamujua."

Uwanja ulipasuka kwa kicheko, kicheko kizuri, kuku wakaruka huku na huku, Ramazani akanikumbatia. Mimi nilisimama pale nikilia mbele ya watu wa bunduki wote, kilemba kimeteremkia sikioni, maana ndipo na mimi nilipopata habari.

Baadaye, kuku wamefungwa uani na watu wameondoka, nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Wale wawili tulisema mbele ya kuzaliwa. Huyu nilitaka nimusemeshe peke yangu kwanza." Ule mlio wa ungo ulikuwa wa huyu aliye tumboni. Alikuwa anamzoeza mtoto jina la kwao, jioni kwa jioni, kwa sauti ndogo ambayo hata kifo kisisikie, na alikuwa ametoa siri yake yote mbele ya Kasongo ili mimi nisichekwe. Nikachukua ungo nikamchambulia mchele, vibaya.

Na mjumbe? Mjumbe alipomaliza kupanguswa kiatu akacheka, mara moja tu, halafu akauliza, "Watu wako waliwahi kuja mbio hivi?" Nikasema hawajawahi. "Basi tangu leo huo ndio mlio wa bunduki. Atakayeusikia aje na silaha yake." Nikainamisha kichwa, nikasema ndiyo, Bwana, nikafurahi kwamba kilemba bado kiko kwangu. Sakina alisikia yote kutoka ndani. Tangu siku ile ungo ukanyamaza.

Amri ikashika. Amisi alipopona akawa anaupiga, na watu wanakuja na gobore, baruti na fataki, upesi kuliko zamani. Watu wa vijijini walikuja tena mara ya kwanza, na ndizi zao, wakazikuta bunduki, wakarudi msituni. Na asubuhi, kabla ya kuchukua zamu, wale wanaume wa makovu walikuwa wanapita mlangoni kwangu wakijifanya wamepotea njia, "Bwana, mama anaendeleaje?" huyu ameleta asali, huyu samaki wa Lualaba, na mimi nahesabu miezi. Nilikuwa naogopa, nasema wazi. Safari hii wakija kutupa pole watakuwa wengi mno.

Siku zilipokaribia, mama mkwe wangu akatoka Kabambare kuja kumshika binti yake. Sasa mnajua heshima ya mkwe kwa Wabangubangu. Simtazami, simwambii neno, akipita huku mimi napita kule. Kwa hiyo mtu wa kumweleza kwamba Kasongo ule mlio umebadilishwa kazi hakuwapo, maana mimi siwezi kusema naye, na Sakina alikuwa na mengine ya kufanya.

Asubuhi moja, Sakina ana uchungu ndani, mimi nimekaa nyuma ya nyumba nimeziba masikio, gogo likalia. Nikazibua. Lilikuwa linapigwa na mtu anayejua, likasema na jina la Sakina na la ukoo wa mama yake, na nilipozunguka mbio kufika uwanjani wenye bunduki wote walikuwa wamesimama mistari mitatu mbele ya mlango wangu, midomo ya bunduki juu, fataki tayari, Ramazani mbele jasho linamtoka, na mama mkwe kando ya gogo, fimbo mikononi, amekauka.

"Bwana!" Ramazani akasema. "Adui iko wapi?"

Na ndani, kabla sijajibu, adui akalia. Sauti nyembamba, kali, ya mtu mwenye hasira na afya.

"Iko ndani," nikasema. "Inataka maziwa."

Mmeshaona watu wa vita wakiweka bunduki chini polepole, mmoja mmoja, wasije wakaamsha vumbi? Ramazani alivua kofia yake. Lakini mama mkwe wangu hakucheka. Alinitazama usoni, yeye mkwe wangu, kwa mara ya kwanza, na akanisemesha.

"Mukwe," akasema, "kwenu mutoto wanamupokea na bunduki?"

Nimejibu maswali ya wakubwa wengi, lile mpaka leo sijalijibu. Nilimgeukia Amisi nikamwambia, mbele ya wote, atafute mlio mwingine wa bunduki, mbaya kadiri anavyotaka, huu umerudi kwa wenyewe. Bwana Mkubwa hakupenda. Kilemba kikahama kichwa kabla ya mavuno, nikapewa kusimamia mashamba ya mpunga, na ndiyo maana mnaniona hapa nimekonda na furaha yangu. Mpunga hauitwi kwa gogo.

Binti yetu sasa ana meno, na lile gogo sijaligusa tena, hata kuku akilipanda namwita mtu mwingine amfukuze. Na jioni Sakina akigonga ungo, namwuliza, "Hiyo inasema nini?" Kisha navua viatu, nakaa chini, nasubiri mpaka amalize.